Bibi yangu na zile maksi 30

Wiki ilopita nlikuwa Wete kwa bibi, na kwa vile siku hizi nasoma takwimu za usahaulifu wa wazee basi nikajitia udaktari, nikamtolea ule mtihani wa maksi 30 walioutunga Wamarekani mwaka 1975, ukipata chini ya 24 mara nyingi ushaanza kutiliwa shaka.

Kakaa kwenye jamvi anasuka ukili. "Bibi, huu mwezi gani?" "Mfunguo Tano." Karatasi yangu inataka Agosti, yeye anahesabu miezi ya Kiislamu! Haya, toa saba kwenye mia, utoe saba tena, na tena. Akaniangalia juu ya miwani: "Kwani nani kakukopa?" Andika sentensi. Bibi skuli hakwenda, kasoma chuoni tu, akaandika Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, na mimi nikampa maksi yake, msinishitaki. Jumla 19.

Sasa ukiishika hiyo 19 peke yake ushampa mtu dimenshia, yaani maradhi ya usahaulifu, na huku mkononi hakosei mwaa hata mmoja.

Ndo nikaielewa ile modeli ya takwimu ya Laird na Ware ya 1982, ya watu wanaopimwa tena na tena, iliyokuwa inanitoa jasho. Kila mzee ana mstari wake, ana pake pa kuanzia na ana mteremko wake, mwalimu mstaafu labda aanze 29 na bibi aanze 19, kinachotafutwa ni nani anashuka na kwa kasi gani. Nayo ina mitego. Mara ya pili mtu anaweza kupanda kwa kuwa keshayazoea maswali, halafu waliozidiwa ndo hao hao hawarudi kupimwa, wengine washatangulia mbele ya haki, ukichora waliorudi tu utaona wazee wote wazima kabisa! Kwa hiyo watu huiunganisha modeli ya maksi na ya vifo, wakazikadiria pamoja.

Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti wana kipimo kisichotaka kusoma wala kuandika, mzee anaonyeshwa umbo analipanga kwa njiti za kibiriti. Hicho bibi angekiweza.

Ila kilichonikaa rohoni hakimo kwenye karatasi yoyote. Kabla ya magharibi kaniuliza mara tatu kama nimekuja kwa boti au kwa ndege. Nimeandika tarehe kwenye daftari, na hiyo 19, mwakani Mfunguo Tano narudi. Kanambia nisisahau tambuu.