Nilivyokipangia bei kitabu changu cha kwenye simu

Kitabu changu cha kwanza, hadithi za watoto, kilichapwa na mchapishaji wa Dar es Salaam. Hapa Wete, Pemba, kiliuzwa shilingi 8,000. Mrabaha wangu, yaani fungu la mwandishi, ulikuwa asilimia 10 ya bei, 800 kwa nakala, na hizo 800 nimezidai miezi kumi na minne.

Cha pili nikasema nitakiuza mwenyewe, faili la kusomea kwenye simu. Kumbe kupanga bei nako ni kazi! Nilitazama kwanza Amazon, duka la mtandaoni la Marekani. Huko mwandishi hupata asilimia 70 kitabu kikiwa kati ya dola 2.99 na 9.99, ukishuka chini ya hapo unapewa 35. Dola 2.99 ni zaidi ya shilingi 7,000. Mzazi anayenunua bando la 500 nimwambie alipe elfu saba? Bei ile imepimwa kwa mifuko ya Marekani.

Nikakaa na daftari. Nilianza na mchoraji, kwa sababu mara nyingi wachoraji hulipwa mara moja, basi, hata kitabu kikiuzwa miaka kumi. Mimi sikuliona hilo kuwa haki. Mtoto hushikwa kwanza na ile picha ya karafuu zilizoanikwa kwenye jamvi, bibi akizigeuza kwa mguu, ndipo asome. Nikamtengea 600 kwa kila nakala. Bei ikasimama kwenye 3,000. Msomaji analipa chini ya nusu ya bei ya karatasi, nami, makato ya simu yakishatoka, nabaki na zaidi ya 2,000. Karibu mara tatu ya zile 800.

Wiki ya tatu faili likaonekana kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Niliumia sana. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inanilinda, lakini hawa ni watu ninaokutana nao sokoni na harusini; nitamshitaki nani? Nikawatumia ujumbe wa sauti, nikawasomea hesabu yote kama ilivyo daftarini: ya mchoraji, ya makato, yangu. Nikawaomba aliyekwisha kusoma alipe.

Jioni ile walilipa wanne. Mmoja alituma 1,000, akaahidi zilizobaki mwisho wa mwezi, na akazileta. Kufika Ijumaa walikuwa kumi na tisa. Mama mmoja wa Gando alinipigia: "Mwalimu, nisamehe. Nilijua karatasi ndiyo inayolipiwa. Sikujua na hadithi inalipiwa."

Sasa ile hesabu nimeiweka ukurasa wa kwanza kabisa, juu ya hadithi, pamoja na namba ya kulipia. Mwezi uliopita zimeuzwa nakala 27. Mchoraji nimemtumia 16,200 yake tarehe mosi, kabla hajaniuliza.