Nilivyoandaa maonyesho ya picha za Daudi Kabaka

Tulipokubaliana, wapenzi wachache wa zilizopendwa (nyimbo za zamani), kuandaa maonyesho ya picha za mwanamuziki Daudi Kabaka katika ukumbi mmoja wa jamii huku Eastlands, Nairobi, nilidhani fedha ndizo zingetusumbua, kumbe picha zenyewe ndizo zilizokuwa adimu. Mtunzi wa "Helule Helule", wimbo ambao The Tremeloes wa Uingereza waliuimba upya mwaka 1968 na ukaingia kwenye chati za huko, ametuachia sura yake zaidi kwenye majalada ya santuri na kurasa za magazeti yaliyokwisha kuwa ya manjano.

Hakimiliki haikutuchelewesha, kwani sheria ya Kenya huilinda picha kwa miaka 50 tangu ichapishwe, na nyingi kati ya zetu zilikuwa za miaka ya 1960. Mchuuzi wa santuri wa soko la Kenyatta alituazima majalada kwa sharti kwamba yasikae juani.

Kazi kubwa ilikuwa kuzikuza. Picha ya gazeti ikikuzwa hadi ukubwa wa meza hugeuka nukta tupu, pua ikapotea na tabasamu likawa doa. Kwa hiyo niliamua kuwapa wachoraji vijana nakala ndogo wachore upya kwa makaa. Michoro ya kwanza ilifanana mno, kila mmoja akiwa na gitaa na meno nje, mpaka nilipomtaka kila mchoraji achague wimbo mmoja, "Msichana wa Elimu" au "Pole Musa" au "Harambee Harambee", ausikilize kwanza ndipo ashike makaa. Aliyechagua "Pole Musa" alichora kichwa kilichoinamia gitaa, macho hayaonekani kabisa, na kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa mchoro bora ukumbini.

Tuliitundika michoro bila vioo, ili taa zisimetemete usoni pa mtazamaji, kitovu cha kila mmoja kikiwa kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Maelezo niliyafupisha: alizaliwa Uganda mwaka 1939, akapiga muziki na Equator Sound Band pamoja na Fadhili William, akafariki mwaka 2001. (Waliouliza "Malaika" iko wapi walikuwa wengi, niliwaelekeza kwa upole kwamba wimbo huo ulirekodiwa na Fadhili.)

Chini ya picha moja ya bendi nilibandika karatasi tupu na kalamu, wazee waandike majina ya waliowatambua. Walibishana, wakafutiana, wakaandika tena pembeni, na majina yanayopingana nimeyahifadhi yote kama yalivyo.