Nyuzi mbili mezani pa mama

Mdogo wangu alianza kutokwa na damu kwenye fizi, kisha madoa ya zambarau yakamjaa miguuni. Hapa Kisumu mtu akipata homa, wazo la kwanza ni malaria, na sisi tulipoteza siku sita tukimpa dawa za malaria. Hospitali ya pili ikapima damu: chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 11,000, na mtu mzima mwenye afya huanzia 150,000.

Daktari alinionyesha kwenye hadubini. Ndani ya chembe nyeupe za damu kulikuwa na vijiti vilivyojikusanya kama mzigo wa kuni. Alisema ni lukemia, saratani ya damu, kali na ya aina adimu, na mgonjwa anaweza kufa kwa kuvuja damu huku bado tunasubiri majibu. Kwa hiyo usiku uleule wakamwanzishia vidonge vya ATRA, dawa ya jamii ya vitamini A, na sampuli ya uboho ikapelekwa Nairobi.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa: kromosomu ya 15 na ya 17, nyuzi zinazobeba jeni ndani ya chembe, zimebadilishana vipande. Mama aliuliza swali moja tu. "Mwanangu, hii ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko? Ni damu ya ukoo wetu?"

Mimi ni fundi cherehani. Nilichukua uzi mwekundu na wa samawati, nikaukata kila mmoja, nikaunga ncha ya huu na ya ule. Nikamwambia, Mama, hakuna kilichopotea, ila jeni mbili zisizofaa kukaa pamoja zimeunganika, na chembe changa zimekwama, hazikomai. Hakuzaliwa na badiliko hili. Limetokea ndani ya uboho wake akiwa mtu mzima, wala hukumrithisha wewe. Alishika zile nyuzi muda mrefu, akalia.

Kazi yangu wodini ilikuwa daftari: joto, uzito, pumzi, kila asubuhi. Nilikuwa nimeonywa kwamba ATRA ikianza kukomaza chembe, mwili unaweza kujaa maji. Siku ya kumi na moja uzito ulikuwa umepanda kilo tatu kwa siku mbili, naye anahema. Nilikimbia kwa nesi na daftari mkononi, wakamwekea deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, bila kuchelewa.

Baadaye ikaja dripu ya arseniki, dawa nyingine ya lukemia hiyo, na harambee mbili za kuilipia. Kipimo cha mwezi uliopita hakikuona tena ule muungano wa 15 na 17. Majirani wakiuliza, sasa Mama ndiye anayewaeleza, kwa nyuzi zilezile.