Aliyemfundisha Efraimu Kutembea

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Hosea 11:1-4. Nawaandikia hasa walimu wa chekechea na kina mama wanaolea watoto wa wenzao katika mitaa yetu ya Kisumu: Nyalenda, Manyatta, Obunga.

Katika mistari hii Mungu anajieleza kwa kazi ambayo wengi wetu huidharau. Alimfundisha Efraimu, yaani watu wake Israeli, kutembea, akambeba mikononi, akainama akamlisha. Na katikati yake lipo neno linaloniuma kila nikilisoma: hawakujua kwamba ni yeye aliyewaponya.

Mwalimu wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, anaijua hali hiyo. Saa nne asubuhi anapoza uji kikombe baada ya kikombe, anafuta kamasi, anamtoa nje polepole yule aliyejikojolea na kumbadilisha nguo kabla wenzake hawajamcheka. Kisha anachuchumaa, anashika kidole cha mtoto, wanaandika "a" kwenye mchanga, wanafuta, wanaandika tena. Akifika darasa la nne, mtoto huyo huenda asikumbuke hata jina la mwalimu. Mungu anakujua, mwalimu. Naye anajua kusahauliwa namna hiyo.

Tena kazi hii ina ujira. Katika Kutoka 2:9 binti Farao anamwambia mama yake Musa amchukue mtoto amnyonyeshee, naye atamlipa mshahara. Mama mzazi alilipwa kwa kumlea mwanawe! Sisi je? Dada wa deikea, yaani kituo cha kulelea watoto, anafungua mlango saa kumi na moja alfajiri ili mama awahi samaki ufuoni Dunga, na jioni anaambiwa, "Nitakuona kesho," wiki nenda wiki rudi. Ni kweli, Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto, na tuna haki ya kuidai kaunti iwatunze walimu wake. Lakini deni la dada huyu ni letu.

Mama ambaye samaki hawakutoka hana cha kutoa. Huyo simsemi, na walezi wengi humvumilia kwa upendo. Nawasema wenye nacho. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi.

Jumapili hii, kabla hujatoa sadaka, mtumie dada wa deikea kwa M-Pesa anachokudai. Na Jumatatu jioni ukienda kumchukua mtoto, mwite "mwalimu", mtoto akisikia.