Nahesabu oda kabla ya kuchota mchele

Nauza chakula Buguruni, Dar es Salaam, karibu na gereji. Zamani nilipika kwa kukisia, kilo 10 za mchele kila siku, na jioni wali uliobaki unaishia jalalani. Roho ilikuwa inaniuma kweli.

Siku hizi mafundi wananiandikia WhatsApp kabla ya saa nne: "Dada, wali maharage mbili, moja usitie pilipili." Nahesabu, ndipo nachota. Kilo 6 zinatosha, na debe la mkaa lililokuwa likiisha siku hiyohiyo sasa linafika kesho yake. Mkaa huo ni miti iliyokatwa kule Pwani na Morogoro, jamani!

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo wa kubeba waje na hotpoti. Asiye nayo namwazima bakuli langu, lina alama nyekundu chini.