Msifunge Mtandao kwa Jina la Shakahola

Tarehe 15 Oktoba 2025, Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na ndani yake mna maneno ambayo sisi wakazi wa Malindi hatuwezi kuyasoma tukapita. Kamati ya serikali imepewa uwezo wa kuamuru tovuti au programu ifungwe ikithibitika kwamba inaeneza shughuli haramu, maudhui ya ngono yanayohusu watoto, ugaidi, au itikadi kali za dini na za madhehebu potofu. Mtu wa huku akifika hapo mwisho haelezwi zaidi. Shakahola ni msitu wa kaunti yetu ya Kilifi, na kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa humo miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa upande wa mashtaka, waliaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu.

Siwalaumu wanaoiunga mkono sheria hii. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza tulipokuwa tukitoka sala ya alasiri: "Mwanangu, lau yale mahubiri ya kwenye simu yangefungwa mapema, si kuna watoto ambao leo wangekuwa darasani?" Swali hilo ni zito, na anayetetea uhuru wa mtandao akalikwepa hajatutendea haki. Ni kweli kwamba Paul Mackenzie, mhubiri anayeshtakiwa kwa vifo hivyo vya Shakahola, alihubiri kwa runinga na kwa YouTube, na ni kweli kwamba sauti yake iliwafikia watu walioishi mbali sana na Malindi, wakaacha kazi na mashamba yao wakamfuata.

Nilimjibu mzee kwa heshima, na jibu langu ni hili. Mackenzie hakuwa mtu wa kufichika. Alikamatwa mwaka 2017, wakati kanisa lake lilipokuwa hapa Furunzi, akafikishwa mahakamani; akakamatwa tena 2019; na Machi 2023, wiki chache tu kabla ya makaburi kufukuliwa, alikamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana ilieleza katika ripoti yake ya Oktoba 2023 jinsi vyombo vya dola vilivyozembea, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikasema vivyo hivyo mwaka uliofuata. Habari zilikuwepo, walalamikaji walikuwepo, na sheria za kumshtaki zilikuwepo. Desemba 2023 mahakama ya hapa Malindi ilimfunga miezi 12 kwa kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni, baada ya kesi iliyosikizwa hadharani na mshtakiwa kupewa nafasi ya kujitetea. Mashtaka makubwa zaidi, ambayo ameyakana, yangali mahakamani. Kisha, katikati ya mwaka 2025, makaburi mengine yalipatikana Kwa Binzaro, hapa hapa Kilifi, na miili zaidi ya 30 ikafukuliwa, ilhali yeye alikuwa amekaa kizuizini zaidi ya miaka miwili. Kilichohitajika huko kilikuwa chifu na polisi wanaoingia porini wanapoambiwa kuna watu wanakufa njaa.

Kuna pia jambo la kiufundi ambalo nadhani wabunge hawakulipima sawasawa. Kampuni inayotuuzia bando haioni ni video gani mteja anaitazama YouTube, kwa sababu mawasiliano hayo husafiri yakiwa yamefumbwa. Inachokiona ni jina la tovuti, basi. Kamati ikiiagiza kampuni hiyo izuie mahubiri ya mtu mmoja, itabidi ama ifunge YouTube nzima, pamoja na walimu wa hisabati, mashehe, wachungaji na mafundi wote waliomo, ama isizuie chochote. Mwenye uwezo wa kuondoa video moja na kuziacha nyingine ni YouTube wenyewe, na hao huhitaji kupelekewa malalamiko yenye ushahidi na mtu wa kuyafuatilia.

Nikisikia habari ya kufunga, hunijia zile siku za mwaka 2023 katika hospitali ya Malindi, ambako Msalaba Mwekundu uliweka dawati la kuwaandikisha waliopotelewa na jamaa zao. Mama mmoja aliyesafiri usiku kucha alinikabidhi simu yake iliyopasuka kioo pembeni, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka ikabaki sura ya msichana mwenye kilemba cha kijani na kovu dogo juu ya nyusi. "Mwanangu, huyu ni mdogo wangu," akasema. "Itume na wewe kwenye magrupu yenu ya huku." Niliituma. Picha za namna hiyo zilivuka kaunti moja hadi nyingine wakati ndugu wakisubiri majibu ya vinasaba, na zilipita katika programu zile zile zilizobeba mahubiri. Nani katika kamati hiyo angejua, siku ya kutoa amri, ni familia ngapi zinatafutana humo?

Hofu yangu si ya kubuni. Telegram ilizuiwa nchini mwetu Novemba 2023 na tena Novemba 2024, kwa sababu ya wizi wa mitihani, na vijana wengi wakajifunza kutumia VPN, yaani programu za kukwepa vizuizi vya mtandao, huku wafanyabiashara wasio na hatia wakipoteza wateja. Wiki mbili baada ya saini ya Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulikatwa Tanzania nzima kwa siku kadhaa, na wengi wetu wenye ndugu Tanga na Unguja hatukujua hali zao mpaka uliporudi. Uganda, Facebook imefungwa tangu Januari 2021.

Kamati tunayoizungumzia inaongozwa na Katibu wa Wizara ya Usalama wa Ndani, na wamo wawakilishi wa jeshi, polisi na idara ya ujasusi. Hao wana kazi yao muhimu, lakini si mahakimu. Sheria hiyo hiyo tayari inamruhusu afisa aliyeidhinishwa kwenda mahakamani kuomba maudhui yaondolewe au tovuti ifungwe, na njia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, maana Kifungu cha 33 cha Katiba chenyewe hakilindi uchochezi wa ghasia wala kauli za chuki. Tarehe 22 Oktoba 2025 Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu za kifungu cha 27 cha sheria hii ya mtandao, kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni. Uwezo wa kamati wa kufunga tovuti haukuguswa na amri hiyo. Naomba nao uondolewe, ili kila amri ya kufunga itolewe na jaji, itaje tovuti na sababu, iwe na tarehe ya kuisha, itangazwe siku ile ile, na mwenye tovuti aweze kukata rufaa hapa Malindi bila kulazimika kusafiri hadi Nairobi.