Mluzi wa jioni Luchelele

Nilikuwa darasa la nne, likizo ya mwezi wa 12, nikapelekwa kwa bibi Luchelele, kule mwambaoni nje kidogo ya Mwanza mjini. Bibi alikuwa na sheria zake na ya kwanza ni hii, jua likizama hakuna kupiga mluzi, unaita nyoka. Na yale mawe ya kule mnayajua, nyoka wala hasubiri kuitwa.

Sasa jioni moja wingu limefunga, akanituma nikaanue dagaa juu ya jiwe karibu na maji. Nimeshajaza beseni, giza linaingia, nasikia mtu anapiga mluzi kichakani nyuma yangu. Kwanza mdogomdogo kama anajaribu, kipande kilekile anarudia, anarudia, kila akirudia anaongeza sauti mpaka ikawa kelele kabisa, alafu kabla hajamaliza mwingine akamdakia kwa sauti nyembamba. Yani wako wawili! Nilitupa beseni nikakimbia, ndala moja ikabaki hukohuko.

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Akasema we nawe, huyo ni ndege tu, kurumbiza, dume anaanza jike anaitikia. Mi sikuamini, basi kesho yake alfajiri akanipeleka tukajibanza nyuma ya mwembe, maana huyu anaimba sana alfajiri na magharibi, mchana anajificha. Tulikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mara akatoka, chini kabisa, anarukaruka kwenye majani makavu anayageuza kwa mdomo anatafuta mchwa. Tumbo rangi ya chungwa lililoiva, kichwa cheusi, na juu ya jicho mstari mweupe mpaka kisogoni kama kapakwa chokaa. Kadogo tu, baadaye nilikuja kusoma kwamba mwili na mkia vyote ni kama sentimita 20, na ile kelele yote ya jana! Mjomba akakohoa kidogo, basi, kakapotea.

Kiota tulikikuta kwenye shimo la kisiki, vijiti na majani tu. Ndani kinda moja nene limejaa kiota kizima, halifanani na kurumbiza hata kidogo. Mjomba akasema hilo ni la yule ndege anayelia sana mvua ikikaribia, mama yake hajengi, anataga kwa wenzake, na kinda likianguliwa tu linasukuma mayai ya wenye nyumba nje. Nikataka kulitoa. Akanishika mkono, acha.

Dagaa walishaliwa na kuku. Jioni ile niko jikoni nachochea moto, ule mluzi ukaanza tena, bibi akatoka mbio na mwiko.

"We mtoto! Nimekwambia nini?"

"Sio mimi bibi, ni kurumbiza."

Akasikiliza kidogo. "Na wa pili je?"

"Mke wake."

"Haya, nenda kawaambie wote wawili wanyamaze."